Mboga za asili zinavyotuliza 'moto wa ndani' unaochochea kisukari

Mvua zinapoanza Mgori, mkoani Singida, mboga haitafutwi mbali. Mlenda, mgagani na mchicha huota zenyewe, na majani ya kunde na ya maboga huchumwa shambani asubuhi. Hata hivyo, wapo wanaoziona mboga hizi kuwa chakula cha shida. Mtu akipata fedha kidogo, anahamia kwenye chipsi, soseji na soda.

Mabadiliko hayo yana gharama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na asilimia 25.9 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Asilimia 97.2 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha kwa siku.

Uhusiano uko wapi?

Ukijikata kidole, kinavimba, kinakuwa chekundu na chenye joto. Wataalamu huita hali hiyo mchochota. Ni askari wa kinga ya mwili wakiwa kazini, na kidonda kikipona wanatulia.

Upo mchochota mwingine usiosikika. Mafuta yanapojaa tumboni, chembe za kinga hujikusanya humo na kumwaga kemikali zinazozuia insulini kufanya kazi yake. Sukari inabaki kwenye damu badala ya kuingia kwenye misuli, na mishipa ya damu nayo huanza kuharibika. Moto huu mdogo unaweza kuwaka miaka mingi kabla mtu hajaanza kukojoa mara kwa mara au kuona ukungu machoni.

Ushahidi kutoka Kilimanjaro

Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walipima damu za watu 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini, na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Kinga za watu wa mjini zilikuwa nyepesi zaidi kuwasha mchochota. Waliokula vyakula vya asili walikuwa na viini zaidi vya mimea kwenye damu, kikiwamo kiitwacho apijenini, ambacho hutuliza mchochota.

Mwaka 2025 walichapisha jaribio lililohusisha wanaume 77. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, na baadhi ya waliozoea chakula cha kizungu wakapewa cha asili chenye mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Kwa wale wa kwanza, dalili za mchochota ziliongezeka kwenye damu. Kwa wale wa pili, zilipungua. Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, lakini linaonyesha mwili hauchukui muda mrefu kuitikia kilichomo kwenye sahani.

Mmea hutengeneza viini hivi kujikinga na jua kali na wadudu. Ndani ya mwili wetu, hupunguza nguvu ya chembe za kinga kumwaga kemikali za mchochota. Nyuzinyuzi za mboga nazo huliwa na bakteria wema wa utumbo, ambao hutoa kemikali zinazotuliza kinga. Ute wa mlenda hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya kula ugali.

Jikoni tufanye nini?

Kwanza, osha mboga kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, na usimwage maji yake, kwa sababu viini vingi huyeyukia humo. Mgagani mchungu changanya na mchicha au karanga badala ya kuuchemsha na kumwaga maji mara kwa mara.

Pili, punguza magadi kwenye mlenda. Magadi yana sodiamu kama chumvi, na mwenye presha hayamfai.

Tatu, kijiko cha mafuta ya alizeti kinausaidia mwili kufyonza viini vya rangi vilivyomo kwenye majani na karoti. Kijiko kinatosha, mboga isiogelee.

Nne, unapomenya kitunguu chekundu, ondoa ganda kavu tu. Kiini chake kiitwacho kwasetini kimejaa zaidi kwenye matabaka ya nje.

Tano, mboga za kiangazi anika kivulini penye hewa. Jua la moja kwa moja huharibu zaidi viini na vitamini.

Mboga si mbadala wa vidonge

Majaribio yaliyoonyesha kwasetini ikishusha presha kidogo yalitumia miligramu 500 au zaidi kwa siku. Kuzipata kwenye vitunguu, ungelazimika kula zaidi ya kilo moja kila siku. Kwa hiyo anayekushauri uache dawa za kisukari ili unywe juisi ya vitunguu au unga wa mlonge anakuweka hatarini. Sukari inaweza kupanda bila wewe kujua, na madhara yake ni figo, macho na miguu.

Endelea na dawa, pima sukari na presha kituo cha afya kilicho karibu, na mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari kabla ya kubadili ulaji wa mboga.

Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mgori msimu wa mvua, sehemu kubwa ya kiasi hicho iko shambani, bila kununua.