Mali Bila Daftari

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la makumbusho, huku ikiiachia serikali ya taifa majengo na mahali pa kale penye umuhimu wa kitaifa. Ni maneno machache ambayo hayazungumzwi sana, lakini kwa watu wa Kwale yana uzito mkubwa. Tangu Fort Jesus ifanywe makumbusho mwaka 1960, mwanafunzi wa Msambweni au Diani aliyetaka kuziona turathi za pwani zikiwa zimepangwa na kuelezwa kitaalamu amezoea kuvuka kivuko cha Likoni kuzifuata Mombasa. Wakati umefika wa kuuliza: ni mambo gani hasa yanayolifanya jumba lolote listahili kutambuliwa rasmi kuwa makumbusho?

Wengi watajibu kwamba ni jengo la fahari, kabati za vioo na mgeni wa heshima wa kukata utepe. Wale waliolipima jambo hili kwa muda mrefu hawakubaliani nao. Marekani ilianzisha utaratibu wa kuyapa makumbusho ithibati mwaka 1971. Uingereza ikafuata kwa kuyasajili tangu mwaka 1988. Katika taratibu hizo ukubwa wa jengo si hoja, na kwa Uingereza hata jumba dogo linaloendeshwa na wanakijiji wanaojitolea laweza kufuzu. Kinachoulizwa ni haya: Je, kuna kamati inayowajibika, yenye katiba iliyoandikwa? Je, jumba lina haki ya kukaa pale lilipo, au laweza kufukuzwa kesho? Je, kuna fedha za kuliendesha baada ya shangwe za ufunguzi kwisha? Je, vitu vinalindwa dhidi ya moto, mchwa na unyevu? Je, umma unakaribishwa na kufundishwa?

Juu ya yote huulizwa habari za daftari. Kila kitu sharti kiwe na nambari yake, na mbele ya nambari hiyo iandikwe ni kitu gani, kilitoka kwa nani, lini, kwa njia gani, yaani zawadi, ununuzi au mkopo, na kimewekwa wapi. Nakala ya daftari hilo huhifadhiwa katika jengo jingine, ili moto usije ukateketeza mali pamoja na ushahidi wake. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Anayedhani huu ni ukarani mtupu na azingatie mkasa wa vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo baadhi ya Wamijikenda, hasa Wagiriama, huwasimikia wazee wao waliofariki. Kwa miaka mingi vigango viling'olewa kwa siri, vikauzwa kwa wafanya biashara wa vinyago, vikaishia Marekani, baadhi yake katika makumbusho yenye sifa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili vya jamaa zake. Haukupita muda vikaibwa. Baadaye kimoja kilitambuliwa katika jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, na mwaka 2007 vyote viwili vikarejeshwa kwa wenyewe. Picha moja ndiyo iliyosimama mahali pa daftari. Vile ambavyo havikupigwa picha vitajitetea kwa ushahidi gani?

Kwale haianzi mikono mitupu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ilitangazwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ikaingia pamoja na makaya mengine katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Msitu ule hauna kuta, lakini una mipaka inayojulikana, wazee wanaowajibika na miiko ambayo mgeni huelezwa kabla ya kuingia, akiwa amefungwa kaniki kiunoni. Kule Shimoni nako, wanakijiji wenyewe wamesimamia pango ambamo husimuliwa kwamba mateka walifungiwa enzi za utumwa, na viingilio vyake vimesaidia mahitaji ya kijiji. Msingi wa usimamizi upo. Uandishi ndio unaohitaji kuimarishwa.

Kazi hiyo haina haja ya kungoja bajeti ya kaunti. Mwalimu wa historia na wanafunzi wake wanaweza kufungua daftari leo: kinu cha bibi, ngoma na kayamba za kijiji, barua za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Vitu vibaki majumbani mwa wenyewe. Kinachohitajika ni picha, vipimo, jina la mwenye mali na masimulizi yake, yaandikwe kwa idhini yake. Na pale ambapo wazee wa kaya watasema jambo fulani si la kuandikwa, kalamu iwekwe chini, kwani heshima kwa wenye mali ni sharti la kwanza la makumbusho yoyote.

Siku Kwale itakapojenga jumba lake, wakaguzi watauliza vitu vilivyomo vilitoka wapi. Heri tuanze kuliandika jibu sasa, wakati wazee wanaolijua wangalipo.