Vigelegele Vitatu au Vitano?

Zamani, katika vijiji vya Wakikuyu vinavyouzunguka Mlima Kenya, habari ya mtoto haikuhitaji mjumbe. Wanawake waliomsaidia mzazi walipiga ngemi, na aliye ng'ambo ya bonde akahesabu: vigelegele vitano, mvulana, vitatu, msichana. Siku hizi akina mama wengi wa Nanyuki hujifungulia hospitalini na habari hupita kwenye simu, lakini swali ni lile lile. Lina uzito wake pia, kwa kuwa mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza la nyanya mzaa baba. Kuna mzee anayesubiri kusikia kama amepata wa jina lake.

Na kuna siku nesi humgeuza mtoto kwenye taa akakosa jibu.

Kila mtoto hukaguliwa akishafutwa na kupimwa uzito. Nesi hupitisha kidole mdomoni kuangalia kaakaa, huhesabu vidole, kisha hufungua miguu. Hapo anaweza kukuta kiungo kidogo kuliko uume na kikubwa kuliko kinembe, au tundu la mkojo lililo chini badala ya nchani, au mfuko wa kende ambao akiupapasa haoni kokwa upande wowote. Huyo anaweza kuwa mtoto huntha. Wakenya wengi husema "mwenye jinsia mbili", ingawa neno hilo linapotosha, maana ni nadra mno mtu kuwa na viungo kamili vya kike na vya kiume kwa pamoja.

Hadi wiki ya sita hivi ya mimba, kila kijusi kina kinundu kimoja na mikunjo pembeni. Kwenye kromosomu Y kuna jeni iliyotambuliwa mwaka 1990, iitwayo SRY. Ikiamka, tezi changa huwa kokwa, homoni za kiume humiminika, kinundu hurefuka kuwa uume na mikunjo hushikana kuwa mfuko wa kende. Isipoamka, kinundu kile kile huwa kinembe na mikunjo hubaki mashavu ya uke. Njiani homoni inaweza kuzidi au kupungua, au mwili ukashindwa kuitikia. Si laana, na hakuna alichokosea mama.

Sababu kubwa kwa mtoto mwenye kromosomu za kike ni kasoro ya kurithi kwenye tezi zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo hutengeneza kotisoli, na pia homoni inayoshikilia chumvi mwilini. Kimeng'enya kimoja kikipungua, malighafi nyingi huishia kwenye homoni za kiume, na mtoto mwenye ovari na mji wa mimba kamili anaweza kuzaliwa akionekana kama mvulana asiye na kokwa.

Familia huangalia umbo, kumbe hatari iko kwenye mkojo, ambako chumvi inapotea. Wiki ya kwanza mtoto ananyonya vizuri, anapelekwa nyumbani. Kati ya wiki ya pili na ya tatu anaanza kutapika, ananyonya kivivu, uzito unashuka, utosi unabonyea. Nyumbani wanadhani ni tumbo tu. Asipotibiwa anaweza kufa kwa siku chache. Mvulana mwenye kasoro hiyo hiyo huzaliwa na maumbile ya kawaida kabisa, hivyo hakuna anayemshuku. Lakini dawa zipo: dripu ya maji yenye chumvi, haidrokotisoni, na vidonge vya kila siku maisha yote. Sodiamu na potasiamu hupimwa kwa damu kidogo tu. Kipimo cha kromosomu kinaweza kusubiri, hata kama sampuli italazimika kusafiri karibu kilomita 200 kutoka Nanyuki hadi Nairobi.

Inaumiza kuona haraka ikielekezwa kwingine, kwenye jina na kwenye kisu. Upasuaji wa kumpa mtoto umbo "la kawaida" haurudishiki, na mwenyewe hajaulizwa. Mwaka 2015 Malta iliupiga marufuku kwa watoto wasioweza kutoa ridhaa. Kenya nayo, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari wa jeni.

Sheria hiyo ina historia. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa Nairobi, na kwenye nafasi ya jinsia hospitali ikaandika alama ya kuuliza. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaiagiza serikali ishughulikie miongozo na usajili wa watoto kama huyo. Katika sensa ya 2019 mahuntha walihesabiwa kwa mara ya kwanza: 1,524 nchini kote, 31 Nyeri, 18 Laikipia, kaunti ulipo mji wa Nanyuki. Madaktari hukadiria kuwa mtoto mmoja kati ya 4,500 hadi 5,500 huzaliwa na viungo visivyobainika. Kwa kiwango hicho, Laikipia yenye watu 518,560 ingepata karibu mia moja. Wengine hawakutajwa mbele ya karani, na wengine huenda hawakufikisha mwezi.

Nesi anayeijua kazi yake hamfichi mama. Humwonyesha alichokiona, akamwambia, "Mama, viungo vyake havijamaliza kukua. Tupime kwanza." Huandika uzito wa leo kwenye kitabu cha kliniki, na akiwaruhusu kwenda nyumbani huwapa tarehe ya kurudi siku chache tu mbele, wasingoje chanjo ya wiki ya sita. Akitapika usiku, waje usiku huo huo. Na nyanya akipiga simu, aambiwe mtoto amefika, ana kilo tatu, ananyonya.