Kufufua gari la spoti la zamani Buterere: kutu kwanza, rangi mwisho

BUJUMBURA – Huku Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, chuma kilichochoka hakikosi mnunuzi. Kwenye jalala kubwa la jiji watu hupekua taka wakitafuta plastiki na vyuma vya kuuza. Gari lililokaa uani miaka mingi bila kuwashwa nalo huishia njia hiyo hiyo: hukatwa vipande, hupimwa kwa kilo, hupakiwa na kuondoka.

Kwa gari la kawaida, hasara hiyo huvumilika. Kwa gari la spoti la miaka ya 1960 au 1970, hesabu ni nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 imepiga marufuku yaliyofikisha miaka 15. Kwa hiyo magari ya zamani yaliyobaki katika ukanda huu hayapati warithi kwa urahisi. Likikatwa moja, idadi imepungua.

Mwenye gari la namna hiyo ana njia mbili. Anaweza kuuza chuma leo na kupata fedha za wiki chache, au kuanza kazi ya miaka miwili au mitatu uani kwake. Njia ya pili inawezekana hata Buterere, mradi kazi ipangwe kufuata mvua, umeme na mipaka.

Gari lenye historia ya hapa

Mfano mzuri wa kutazama kazi hiyo ni Datsun 240Z, gari la Kijapani la milango miwili lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Lina injini ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na uzito unaozidi tani moja kidogo tu.

Jina lake lilikuzwa na barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alirudia ushindi huo akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, na ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Mashindano hayo yalianza 1953, na kabla ya kubaki Kenya peke yake yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Wajapani wenyewe hawakuisahau historia hiyo. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wanaojitolea kufufua magari ya zamani walilirudisha barabarani gari lile lile lililoshinda 1971.

Soko nalo limeamka. Januari 2020, 240Z moja iliuzwa katika mnada wa mtandaoni nchini Marekani kwa dola 310,000. Bei hiyo isimdanganye mtu. Gari lile lilikuwa limetembea kilomita 35,000 hivi tu na lilikuwa karibu kama lilivyotoka kiwandani. Gari lililokaa nje kwa miongo kadhaa halitafika huko. Hata hivyo, pengo kati ya bei ya kilo za chuma na bei ya gari linalotembea ni kubwa vya kutosha kumfanya mtu aweke msumeno chini kwanza.

Kalenda ya mvua

Kosa la wengi ni kuanza na kinachoonekana. Mtu hununua rangi nyekundu na viti vipya huku sakafu ya gari inapitisha maji. Mafundi wazoefu huanza chini, kwa bisibisi na nyundo ndogo, wakigonga kila mahali panapotunza unyevu.

Kwenye 240Z sehemu hizo zinajulikana: sakafu, vizingiti vya chini ya milango, mihimili inayopita chini ya sakafu, sehemu ya kukalia betri na shimo la gurudumu la akiba. Kama bisibisi inapenya, rangi inayong'aa juu yake haina maana.

Hapa mahali gari lilipoishi ni jambo la kuuliza kabla ya kununua. Gari lililokaa Mombasa au Dar es Salaam limepumua chumvi ya bahari. Lililokaa Nairobi au Arusha huwa na nafuu. Ziwa Tanganyika lina maji baridi yasiyo na chumvi ya bahari, lakini Buterere ni bondeni, ardhi yake hushika maji, na mvua kubwa zimewahi kuleta maafa. Usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mafuriko yaliua watu kadhaa katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kuliinua gari na kuliezekea. Sakafu ya zege, hata ndogo, huzuia unyevu unaopanda kutoka ardhini. Turubai lisigusane na bodi, kwa maana maji hunaswa kati yao na kutu hula usiku na mchana.

Kisha ifuatwe kalenda. Mvua za Bujumbura huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Mei. Miezi hiyo inafaa kwa kazi za chini ya paa: injini, giaboksi, nyaya, viti. Kati ya Juni na Septemba hewa ni kavu, na huo ndio wakati wa kuchomelea bodi na kupuliza rangi. Vumbi la kiangazi lina dawa yake: kumwagia maji sakafu na eneo lote kabla ya kupuliza.

Kukata bila kupinda

Gari hili halina chesi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Fundi akikata vizingiti vyote viwili kwa pamoja bila kuweka vyuma vya kushikilia, gari hujipinda katikati na milango haitafunga tena.

Utaratibu salama ni kupima kwanza kutoka kona hadi kona, kuandika vipimo, kuchomelea vyuma vya muda kwenye nafasi za milango, kisha kukata upande mmoja na kuumaliza kabla ya kugusa wa pili. Mabati ya kuziba huweza kukunjwa na fundi bati yeyote hodari. Kinachotakiwa ni unene uliokaribiana na ule wa awali, na chuma kipya kichomelewe kwenye chuma kizima. Puti ni ya kusawazisha mikwaruzo, haijengi sakafu.

Umeme wa kukatika haufai kuwa kisingizio. Mikato, vipimo na kazi ya msasa hufanywa umeme usipokuwepo, na siku ya umeme ikabaki kwa kuchomelea.

Injini na petroli ya siku hizi

Magari ya umri huu yalitengenezwa wakati petroli ilitiwa risasi. Risasi hiyo ilikinga viti vya valvu visiliwe na joto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa sababu za afya, hasa ya watoto. Injini ya zamani iliyolala tangu kabla ya hapo haipaswi kuwashwa na kupelekwa mbio bila kukaguliwa.

Kwenye 240Z hedi ni ya aluminiamu na viti vya valvu vimepachikwa. Vinaweza kutolewa na kuwekwa vigumu zaidi kwenye karakana yenye mashine. Kazi hiyo haifanyiki uani, lakini hedi hubebeka kwenye teksi.

Kabla ya kuwasha, mafuta mepesi humiminwa kwenye silinda kupitia matundu ya plagi, yakaachwa siku mbili tatu, kisha injini ikazungushwa taratibu kwa mkono. Tangi la petroli huoshwa, mipira yote ya mafuta na breki hubadilishwa, kabureta hufunguliwa na vijitundu vyake kusafishwa. Ikikwama, isilazimishwe kwa kuvutwa na gari jingine. Ringi iliyogandana na ukuta wa silinda huvunjika.

Nyumbani si gereji

Uani kuna watoto, nguo zinazoanikwa na jiko la mkaa. Hatari nne zinastahili kutajwa wazi.

Ya kwanza ni gari kuanguka. Tofali la udongo au la saruji hupasuka ghafla bila ishara. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kukingamana, na hakuna anayeingia chini likiwa juu ya jeki peke yake.

Ya pili ni vumbi. Pedi za breki na klachi za enzi hizo nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halipulizwi kwa upepo wa kompresa, hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa na kitambaa hicho hufungwa kwenye mfuko. Rangi ya zamani nayo huenda ikawa na risasi, kwa hiyo msasa utumike na maji, na watoto wakae mbali.

Ya tatu ni moshi wa rangi. Rangi zinazochanganywa na kigumishi huharibu mapafu, na kitambaa cha puani hakitoshi. Kama hakuna kinyago cha kuchuja kemikali, kazi ya rangi ipelekwe kwa mpulizaji mwenye chumba chake.

Ya nne ni petroli. Kwa miaka kadhaa Burundi imeishi na uhaba wa mafuta, na foleni za vituoni zimechukua siku. Ni rahisi kuvutika kuweka madumu ndani ya nyumba ili gari lijaribiwe likiwa tayari. Dumu moja la petroli karibu na jiko linaweza kumaliza nyumba na gari kwa dakika chache.

Vipuri na mipaka

Fundi wa Bujumbura hutazama Buyenzi kwanza, mtaa wa Waswahili wenye mafundi na maduka ya spea, na soko la Ruvumera. Kwa gari adimu, safari huendelea hadi Gerezani mjini Dar es Salaam, Kisekka mjini Kampala, au barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

Siri ya 240Z ni kwamba injini yake ina ndugu. Ni ya ukoo mmoja na injini za silinda nne zilizowekwa kwenye Datsun 160B na 180B, saluni za kawaida za wakati huo. Kipenyo cha silinda zake, milimita 83, ni sawa na cha injini ya 1600. Vipuri kadhaa vya ndani hulingana, kwa hiyo saluni iliyokufa nyuma ya gereji inaweza kuokoa gari la spoti.

Mpakani ndipo wengi huchanganyikiwa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mtu hudhani kila kinachonunuliwa Kampala kitapita Kobero bila ushuru. Msamaha hutolewa kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kabureta ya Kijapani haibadiliki kuwa ya Uganda kwa kulala dukani Kisekka. Lakini betri, radieta au springi iliyotengenezwa Kenya, ikitimiza masharti ya asili, inastahili msamaha. Kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 upo utaratibu wa cheti chepesi cha asili kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Risiti yenye jina la mtengenezaji huokoa mabishano.

Njia nayo imebadilika. Baada ya Burundi kufunga mpaka na Rwanda Januari 2024, mzigo wa Kampala uliopita Kigali ulilazimika kuzunguka kupitia Tanzania. Gharama ya mzunguko huo ihesabiwe kabla ya kuagiza bampa.

Jambo jingine ni usukani. Magari yaliyouzwa Kenya, Uganda na Tanzania yana usukani wa kulia, ilhali Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara. Kwenye gari fupi la viti viwili, kupita lori ni jambo la kuomba macho ya abiria.

Nani atabaki akijua

Hamu ya magari haya haijafa. Tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic yamerudisha magari ya zamani kwenye vumbi, na Mkenya Ian Duncan ameyashinda kwa Ford Mustang mwaka 2009 na Ford Capri mwaka 2013. Magari hayo yanahitaji watu wanaosikia kabureta kwa sikio, bila kompyuta.

Watu hao wapo hata Bujumbura, lakini umri unakwenda. Kijana anayejifunza ufundi leo hukutana na sindano za mafuta na sensa tangu siku ya kwanza. Gari moja la zamani lililofunguliwa uani huwapa kazi fundi bati, mchomeleaji, fundi umeme na mshona viti, na humpa kijana huyo nafasi ya kushika kabureta akiwa na mzee wa kumwelekeza.

Kwa hiyo kabla ya mizani ya chuma kuletwa, mwenye gari amwite fundi mmoja wa siku nyingi, wachukue bisibisi, wagonge sakafu na vizingiti. Ukaguzi huo ni wa asubuhi moja. Mihimili ikiwa mizima, gari lipandishwe juu ya magogo kabla mvua za Oktoba hazijaanza.