Ruvu ni Dhamana Yetu Sote

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, akisha kupita Visiga na Mlandizi, huuvuka mto Ruvu kwa dakika chache, wala hakumbuki kwamba maji aliyonywa asubuhi yalitoka humo. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Mto huu huzaliwa katika milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600. Huupokea Mgeta, kisha Ngerengere upitao Morogoro mjini, ukaingia baharini kaskazini ya Bagamoyo. Huko chini wazee waliuita Kingani. Kusini yake ilikuwa Uzaramo, kaskazini Ukwere, na misafara ya bara katika karne ya 19 haikuwa na budi kutafuta kivuko chake. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 nayo ililazimika kuuwekea daraja.

Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, uwezo wao umefikia lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Lakini mtambo hauumbi maji. Oktoba 2022, mvua zilipokosekana, mto ulipungua na Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa zamu.

Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa tangu miaka ya 1950, lilianza kujengwa mwaka 2023. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, bwawa nalo hujazwa na mlima; msitu wa Uluguru ukikatwa, litajaa tope.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Mto huu humwagikia bahari ile ile inayotukutanisha na Unguja, na mikoko ya mdomoni mwake ni malezi ya samaki na kamba.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Tunawaomba viongozi waitekeleze bila upendeleo: mkulima mdogo wa mboga aonyeshwe kwanza pa kulima, na mwenye pampu kubwa asifumbiwe macho. Anayekunywa mjini naye achangie ulinzi wa mlima. Hapo ndipo Ruvu utakuwa dhamana ya wote, si mzigo wa wachache.