Sauti ya Ndugu Yako Inapokatika: Jinsi Mtandao Unavyochagua Mwendo

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: 

Leo tunazungumzia jambo linaloleta ugomvi katika familia nyingi. Ndugu yako aliyehamia nchi ya tatu, tuseme Marekani, anakupigia kwa intaneti. Mnasalimiana vizuri, halafu sauti inakatika-katika na kupotea. Wewe unasema, "Kule mtandao ni mzuri, basi amenikatia makusudi." Yeye naye anasema, "Nikiuliza habari za mama hawajibu." Undugu unaingia doa, na huenda hakuna aliyemkatia mwenzake.

Tuanze kule kwake. Marekani, nyumba nyingi hupata intaneti kupitia kebo, ya aina ileile inayoleta televisheni. Ndani ya nyumba kuna kisanduku kinachoitwa modemu. Modemu za nyumba nyingi hutumia njia moja ya kebo kwa pamoja, na zote huzungumza na mtambo mmoja wa kampuni.

Sasa fikiria mtu anayesoma majina kwa kipaza sauti siku ya mgao. Walio mbele wanamsikia hata akisoma haraka. Walio nyuma, karibu na mashine ya kusaga, hawaelewi mpaka asome polepole. Akisoma haraka kwa wote, wa nyuma watapitwa na majina yao na itabidi arudie. Akisoma polepole kwa wote, jua litazama orodha haijaisha.

Kwa miaka mingi mtambo wa kebo ulitumia mwendo mmoja kwa modemu zote zilizo kwenye njia moja. Mwaka 2013, shirika la Marekani liitwalo CableLabs, linalofanya utafiti kwa ajili ya kampuni za kebo, lilitoa utaratibu mpya unaoitwa DOCSIS 3.1. Katika utaratibu huo modemu zinaweza kugawanywa katika makundi. Kila modemu hupima jinsi inavyosikia na kuupelekea mtambo majibu. Zinazosikia vizuri hutumiwa data kwa haraka, na zinazosikia vibaya hutumiwa polepole ili zisipoteze kitu.

Tofauti yake si ndogo. Data huhesabiwa kwa biti, yaani alama ndogo kabisa ya taarifa. Mpigo mmoja wa wimbi unaweza kubeba biti 8 kwa modemu inayosikia kwa wastani, na biti 12 kwa inayosikia vizuri sana. Kwa mipigo 100, ya kwanza hupata biti 800 na ya pili 1,200, na kebo ni ileile.

Utauliza: mbona kila modemu isipewe mwendo wake yenyewe? Ni kwa sababu data za kila kundi hufungashwa pamoja, kama mizigo ndani ya lori. Makundi yakizidi, malori mengine huondoka nusu tupu au hukaa yakisubiri kujaa. Kwa hiyo mafundi huchagua makundi machache yanayotosha. Tena huacha mwendo mmoja wa polepole ambao modemu zote huuelewa. Kebo ikilegea au maji yakiingia kwenye kiungo chake, modemu hurudishwa kwenye mwendo huo badala ya kupotea kabisa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa turudi kambini. Simu yako haina kebo, lakini mnara wa 4G hufuata wazo hilohilo. Simu hupima mawimbi na kuujulisha mnara kila mara. Ukisikia vibaya, mpigo mmoja hubeba biti 2. Ukisikia vizuri, unaweza kubeba biti 6. Maana yake ni kwamba aliye mahali pabaya hutumia muda mwingi wa mnara kupata picha ileile, na wengine wote wanangoja.

Basi ufanye nini?

Kwanza, tazama alama za mtandao juu ya simu. Zikiwa chache, badili mahali. Toka chini ya mabati, maana bati huzuia mawimbi, simama palipo wazi, na ukishapata mahali pazuri tulia hapo. Betri nayo itadumu zaidi, kwa sababu simu hutumia nguvu nyingi inapojitahidi kuufikia mnara.

Pili, alama zikiwa zimejaa na mtandao bado ni mzito, huenda foleni ni ndefu. Hapo badili saa. Hati muhimu zitume alfajiri, usingoje jioni watu wote wanapokuwa kwenye simu.

Tatu, sauti ikianza kukatika, zimeni picha pande zote mbili. Kwenye kebo nyingi, njia ya kutoka nyumbani kwa ndugu yako ni nyembamba kuliko ya kuingia, na sauti yake hupita humo. Mwambie pia akaze kwa mkono kiungo cha kebo nyuma ya modemu. Mkishindwa kabisa, tumianeni sauti zilizorekodiwa.

Nne, na hili lishike sana: mwendo wa data huamuliwa na mnara. Mtu akikuambia umlipe akuongezee "spidi" kwenye mipangilio ya simu, usimpe simu, wala usimtajie namba ya siri ya pesa zako. Kuchagua kati ya 3G na 4G unaweza kufanya mwenyewe bure, au ukamwomba kijana wa nyumbani akuonyeshe.

Ndugu msikilizaji, safari nyingine simu ikikatika, usianze kwa kulaumu. Subiri kidogo, sogea palipo wazi, kisha mtumie ujumbe mfupi: "Mtandao umekatika, bado nipo." Maneno hayo manne yanapita hata kwenye mtandao dhaifu, nayo yanatosha kutunza undugu.

Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kaeni salama.

(Muziki wa kufunga kipindi.)