Bembelezi ya Wapokomo ni mali ya nani?

Hapana mwanafunzi wa Kenya asiyeujua Wimbo wa Taifa, lakini ni wachache wajuao kwamba sauti yake ilitoka ukingoni mwa Mto Tana. Mwaka 1963, wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kuitungia wimbo nchi iliyokuwa karibu kupata uhuru. Waliiteua sauti ya bembelezi ya Wapokomo, wimbo ambao mama humwimbia mtoto anayelia, wakaipanga upya na kuitilia maneno. Basi mwalimu wa Garsen akiulizwa na mwanafunzi wake iwapo Wapokomo wana haki yoyote juu ya sauti hiyo, atajibu nini?

Yafaa kwanza tufahamu hakimiliki ni nini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wazo. Hulinda namna wazo lilivyoelezwa. Kazi ikiwa ni zao la juhudi ya mtunzi mwenyewe, na ikiwa imeandikwa au kurekodiwa, hulindwa papo hapo hata kama haijasajiliwa. Kwa kazi za fasihi na muziki, ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki.

Tuipime bembelezi kwa vigezo hivyo. Mtunzi wake ni nani? Kwa desturi, bembelezi hupokezanwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na kila kizazi huongeza na kupunguza. Imeandikwa wapi? Kifuani mwa waimbaji. Miaka 50 ihesabiwe tangu kifo cha nani? Hesabu haina pa kuanzia. Sheria iliyokusudiwa mtu mmoja mwenye kalamu yashindwa kumwona mtunzi ambaye ni jamii nzima.

Hapo ndipo lugha nayo hutupotosha. Kazi isiyo na ulinzi wa hakimiliki huitwa na wengi "mali ya umma". Kwa Kiswahili cha kawaida, mali ya umma ni kitu chenye wenyewe, kama kisima cha kijiji, na atakayekiharibu ataulizwa. Lakini wanasheria humaanisha kinyume chake: kitu ambacho yeyote aweza kukichota bila kuomba ruhusa. Jamii ikiambiwa kwamba wimbo wake ni mali ya umma, hudhani imekabidhiwa, kumbe imepokonywa.

Hali kadhalika alama ya biashara. Hii ni ishara au jina linalotofautisha bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za wengine. Nchini Kenya husajiliwa kwa miaka 10, na usajili waweza kufanywa upya tena na tena bila kikomo. Ndiyo maana Wakenya walishtuka kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili huko neno "kikoy". Waliweka pingamizi, na mwaka 2008 ombi hilo likaachwa. Hoja yao ilikuwa sahihi: jina la kawaida la kitu haliwezi kuwa la mfanyabiashara mmoja.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii. Sheria hiyo yaitambua jamii kuwa mwenye haki, yadai idhini yake kabla ya matumizi, na yazipa kaunti jukumu la kukusanya na kusajili hazina hizo.

Sitarajii kwamba Wapokomo watalidai taifa fidia kwa ajili ya wimbo wa 1963, nao sasa ni mojawapo ya alama za taifa katika Katiba. Lakini ziko bembelezi nyingine, nyimbo za makasia, za mavuno na za arusi, ambazo bado zaimbwa katika Tana Delta. Mwalimu anayezipanga upya kwa ajili ya tamasha za muziki za shule ajue kwamba haki yake ni juu ya kile alichoongeza tu. Wimbo wenyewe unabaki kuwa wa wenyewe.

Basi walimu na wanafunzi wa Garsen wasingoje maafisa. Kila wimbo unaorekodiwa uandikiwe jina la mwimbaji, kijiji, tarehe, lahaja, na ridhaa ya wazee, kisha nakala ifikishwe kwa kaunti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku mgeni atakapokuja na chombo chake cha kurekodia, akute daftari limekwisha kuandikwa, na jina la kwanza ndani yake liwe la bibi aliyeimba.