MTOTO WA MCHORAJI NA NUKTA ZA BABA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Katika makala haya ningependa kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na walimu wetu wapendwa, jinsi wenyeji asilia wa jangwa la kati la Australia wanavyoishika mila yao kwa rangi na kijiti. Nitamchukua mchoraji mmoja, Gabriella Possum Nungurrayi, awe mfano wetu.

Kwanza tuzitazame picha zenyewe. Ni nukta, nukta, nukta, maelfu kwa maelfu! Mtu asiyejua atasema, "Ah, hata mtoto wa chekechea anaweza." Hebu ngoja kidogo. Kila picha ni ramani. Mchoraji huiangalia nchi kutoka juu, kama mwewe aonavyo. Miduara iliyomo ndani ya miduara mingine ni kisima au kambi. Alama kama herufi U ni mtu aliyeketi, maana ndiyo alama anayoiacha mchangani anapoinuka. Mistari ni njia. Nyayo za vidole vitatu ni za emu, ndege mkubwa anayefanana na mbuni.

Ramani hiyo husimulia kisa. Watu wa jangwani wana neno Jukurrpa. Wazungu walilitafsiri kuwa "Ndoto", lakini si ndoto ya usingizini. Ni habari ya mababu wa kwanza waliotembea nchini wakaumba milima na mito, na ni sheria ambayo watu huishi kwayo hadi leo. Zamani visa hivyo vilichorwa mwilini na mchangani wakati wa sherehe, halafu vikafutika.

Basi vilifikaje kwenye turubai? Jamani, mambo yalianzia kwenye ukuta wa shule! Mwaka 1971 mwalimu wa sanaa, Geoffrey Bardon, alifika Papunya, kijiji kilicho kama kilomita 240 kutoka mji wa Alice Springs. Wazee, wakiongozwa na Kaapa Tjampitjinpa, walichora ukutani kisa cha sisimizi wa asali, ambacho ni kisa cha mahali pale pale. Mwaka 1972 wachoraji waliunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula. Ukuta ule ulipakwa rangi juu miaka michache baadaye, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuota.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Clifford Possum Tjapaltjarri, mchunga ng'ombe na mchonga sanamu za mbao. Huyu ndiye baba yake Gabriella. Msomaji asishangae kuona majina ya mwisho hayafanani. Kwao kuna makundi manane ya ukoo, na mtoto haingii kundi la baba yake. Binti ya Tjapaltjarri ni Nungurrayi. Ukilisikia jina tu unajua baba yake ni wa kundi gani.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Sisi katika somo la Sanaa huambiwa, "Chora unachotaka." Kule jangwani la! Kisa ni mali ya ukoo, kama shamba. Kwa Wawarlpiri, aliyerithi kisa kwa baba huitwa kirda. Wale wanaohusiana na kisa hicho kupitia kwa mama zao huitwa kurdungurlu, nao huhakikisha kwamba hakuna kinachokosewa. Tena si kila kitu huonyeshwa kwa wageni. Katika miaka ya 1970 wazee walilalamika kwamba siri zilikuwa zinaanikwa hadharani, na wachoraji wengi wakaanza kuzifunika kwa nukta. Kwa hiyo nukta ni pambo, na pia ni pazia.

Gabriella alijifunza kwa baba yake tangu utotoni. Mwaka 1983, akiwa msichana wa rika letu, alishinda tuzo ya sanaa mjini Alice Springs. Dada yake Michelle naye ni mchoraji. Kisa kimoja anachokichora sana Gabriella ni cha Dada Saba, wasichana waliomkimbia mwanamume hadi wakapanda mbinguni. Ni zile nyota ambazo sisi tunaziita Kilimia. Haigi picha za baba yake: rangi ni zake, mkono ni wake. Alichorithi ni haki ya kusimulia.

Haki hiyo ina maadui. Mwaka 1999 Mzee Clifford aliingia katika maonyesho huko Sydney akakuta picha zenye jina lake ambazo hakuzichora! Polisi wakachunguza, na mwaka 2001 mfanyabiashara mmoja akapatikana na hatia. Mzee alifariki mwaka 2002. Picha yake kubwa ya Warlugulong, yenye kisa cha moto uliowaadhibu vijana wawili kwa uchoyo wa nyama ya kangaruu, benki iliinunua mwaka 1977 kwa dola 1,200 za Australia. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.4. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kuwapa warithi chochote. Sheria ilianza kufanya kazi mwaka 2010: sasa picha ikiuzwa tena, asilimia 5 humwendea mchoraji au warithi wake.

Mimi naona sheria hiyo ni nzuri, ila fedha ni sehemu moja tu ya urithi. Anayeghushi nukta anaweza kuiba sura ya picha, lakini ukimuuliza kisima kile ni cha nani, atababaika. Binti ya mzee atakujibu, kwani aliambiwa na baba yake, naye baba aliambiwa na wazee wake. Nasi tunao wazee nyumbani. Tuwaulize wangali hai, maana mali bila daftari huisha bila habari.